Glavu Alizorudisha Mtani Wangu

Nimekuwa na wivu maisha yangu yote, na sioni haya kusema. Nilimwonea wivu kaka yangu kwa sauti yake, nikamwonea jirani yangu kwa baiskeli yake. Lakini wivu ulionikondesha hasa ni ule niliomwonea Mzaramo mmoja, karani wa tiketi pale stesheni ya Tabora, kwa sababu ya mikono yake.

Mimi ni fundi viatu, Mnyamwezi wa mjini, nimezaliwa nyuma ya soko. Kriketi niliijulia kazini. Wahindi wenye maduka waliniletea mipira yao ya ngozi niishone upya, maana miaka ile ya Ujamaa mpira mpya ulikuwa haupatikani hata kwa dawa. Siku moja walipungukiwa mtu, wakaniita. Wakaniweka nyuma ya vijiti nidake mipira inayompita mpigaji. Nikadaka. Nilirudi nyumbani nimevimba vidole na kichwa.

Wiki hiyo hiyo nikajishonea glavu kwa ngozi ya mkoba mkuukuu, nikazijaza pamba, nikazilainisha kwa mawese ya Kigoma. Nilizivaa misimu miwili. Kisha yule Mzaramo akahamishiwa kwetu kutoka Dar es Salaam, akaja uwanjani na viatu vyake vya kazini, akaziona glavu, akazichukua.

"Mnyamwezi," alisema huku akizivaa, "babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani mpaka kwetu pwani. Kwenu kinachofanya kazi ni kichwa. Mikono ya nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ningefanyaje? Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akichukua kitu chako, ujue umekwishampa, na ukikasirika aibu ni yako. Kilichoniuma ni kwamba alidaka kuliko mimi. Mimi mpira nilikuwa nikiurukia. Yeye alisogea hatua moja tu, na mpira ukawa umeshafika. Nikapelekwa pembeni, karibu na mahindi, maana nusu ya uwanja ilikuwa imelimwa wakati wa kampeni ya serikali ya kilimo cha kufa na kupona. Kazi yangu ikawa kutafuta mipira iliyopotelea shambani, na kila nikiinua kichwa namwona yeye na glavu zangu.

Mechi zetu zote zilikuwa za siku moja. Si kwa kupenda. Wageni walishuka na treni ya alfajiri na ilibidi wapande ya jioni. Basi redio ya nahodha wetu ilipotangaza kwamba huko Uingereza nchi na nchi sasa zinashindana kwa mechi ya siku moja, tulijiona sisi ndio tulioigwa. Tukabishana wiki nzima nani aingie kwenye kikosi bora cha dunia, watu ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona. Mwisho nahodha, mwenye duka la vitambaa, akasema anahama, anawafuata wanawe ng'ambo, na kabla hajaondoka anataka kutuachia ubao: kikosi bora cha Tabora cha wakati wote, watu kumi na mmoja.

Tulikaa barazani kwake Jumamosi alasiri, watu tisa hivi, chai na sambusa mbele yetu. Aliandika kwa chaki kwanza, rangi ingefuata. Fundi reli wa Igalula, aliyekuwa akirusha mpira huku akikimbia kama anafukuzwa, alipita bila ubishi ingawa alikuwa marehemu. Mwalimu wa Urambo alipita, kwa ule mpira wake uliovuka barabara ya Kitete. Ikabaki nafasi moja, ya mdakaji. Wote wakamtazama Mzaramo, na nahodha akaandika jina lake.

"Ngoja, nahodha!" nikaruka. "Huyu ni mtumwa wangu, nilimnunua Bagamoyo kwa kipande cha kaniki. Mtu wa njiani tu! Akiandikwa yeye kwenye ubao wa Tabora, mimi mwenyeji niandikwe wapi?"

Ulikuwa utani wa kawaida kabisa. Mzaramo alicheka, akafungua mdomo anijibu. Lakini nahodha alizaliwa Zanzibar, akaja Tabora mtu mzima, na utani wetu hakuwahi kuuzoea. Alishika neno moja tu, mtu wa njiani.

"Kweli," alisema. "Huyu kaletwa na kazi, kesho atahamishwa. Timu ya Tabora, mtu wa Tabora." Akafuta kwa kiganja, akaandika jina langu.

Lilitakiwa neno dogo, kwamba natania, na wa kulisema ni mimi niliyetania. Wote walinitazama, na Mzaramo pia, tabasamu bado liko mdomoni, akingoja. Mimi nilikuwa nikilitazama jina langu. Nikachukua sambusa.

"Haya," alisema Mzaramo. Akamaliza chai yake, akaaga.

Rangi ilipopakwa na ubao kutundikwa nje ya duka la nahodha, nilipita pale mara nne kwa siku bila shughuli yoyote. Siku ya tatu Mzaramo akaja kibandani kwangu na kifurushi cha gazeti.

"Habari za kazi, ndugu," alisema. "Nimekurudishia mali yako. Ahsante sana."

Ndugu! Neno la mikutanoni na la barua za ofisini. Nikamwambia akae, mvivu mkubwa, anakimbilia ngoma gani? Nikamtukana yeye na babu yake na ukoo wake wote wa wala nazi. Akanitazama kwa adabu, kama anavyomtazama abiria dirishani.

"Kazi njema, ndugu."

Hakuhamishwa. Alioa hapa hapa Tabora, akazeeka hapa. Jirani yangu, yule wa baiskeli, Mnyamwezi mwenzangu, alipofiwa na baba yake, Mzaramo alilala chini mbele ya jeneza akakataa lisipite, akimtukana marehemu kwa uzito wake, mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mwaka uliofuata alifariki mama yangu. Mzaramo alikuja mapema, akakaa mkekani kimya na watu wengine, akabeba jeneza zamu yake, kisha akanipa mkono.

"Pole sana, ndugu."

Nikamwonea wivu jirani yangu kwa msiba wake.