Filta, Mkwe na Mbuzi

Shule niliishia darasa la tatu, lakini mashine yangu ya kukoboa mpunga hapa Kasansa naijua kuliko fundi yeyote. Ndivyo nilivyojitapa juzi nikibadilisha oili, mbele ya wateja waliokaa juu ya magunia yao wakitishia kuhamia mashine ya jirani.

Filta ya oili ikagoma kufunguka. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni fundi pikipiki, naye alikuwepo. Alikaa pembeni kanipa ubavu, maana kwetu Wasukuma mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumkosoa mbele za watu.

Nikamwambia, "Tulia huko baba. Nyie vijana mna mikono ya maandazi."

Nikaizungushia filta kamba ya ng'ombe, nikavuta. Wapi. Nikaita wanawake wawili, tukavuta mpaka kitenge kikataka kunidondoka.

"Imeoza hii," nikasema. "Leteni nyundo."

Hapo nikamsikia mkwe anaongea na mbuzi wangu aliyefungwa karibu yake.

"Wewe mbuzi," alisema kwa upole, "ungekuwa wewe unafungua filta, ungeizungusha kushoto. Kulia unaikaza. Na nyundo itaipasua, watu walale bila mchele."

Mimi nikamtazama mbuzi. Foleni nzima ikamtazama mbuzi.

Nikageuza kamba, nikavuta upande wa pili. Filta ikaachia.

"Mama," akasema mteja mmoja, "huyo mbuzi usimuuze. Ndiye fundi wako."