Breki za Marehemu Godwin

Kaanaeli hutengeneza baiskeli kijijini Kisiwani, pale barabara ya Mbaga inapomaliza kushuka mlima. Watu wa tambarare humletea pancha na minyororo. Wa mlimani humletea breki. Mteremko ule humaliza mpira wa breki za kawaida upesi, na siku hizi baadhi yao wamenunua baiskeli za mtumba zenye breki za oili. Anapochukua bomba la sindano na kusukuma oili polepole kutoka chini ili kutoa upepo, vijana wa bodaboda humtania.

"Daktari, huyo ana malaria au minyoo?"

Yeye huendelea kusukuma. Anajua kwamba kiputo kimoja cha hewa kikibaki ndani, breki itashika vizuri hapo kwenye banda, kisha itamsaliti mtu konani. Kwa hiyo haachi kazi mpaka kishikio kiwe kigumu mkononi. Wateja wenye haraka wamemwita mkaidi. Mimi namwita mwaminifu, na sioni watu wengi wa kuwaita hivyo.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, Godwin wa Mbaga alikufa kwenye barabara ile. Alikuwa akishuka na ndizi kwenda sokoni kwa baiskeli yake ya breki za oili, akashindwa kona, akatumbukia korongoni. Hakuna aliyeona. Hata hivyo kabla hajazikwa ilishasemwa kwamba alikuwa amekunywa dengelua, kwani kulikuwa na pombe ya miwa kwa jirani siku hiyo. Ndivyo tulivyo. Mtu akifa ghafla tunamtafutia dhambi, ili kifo chake kisituhusu. Mkewe, Faustina, aliyabeba maneno hayo kisimani na kanisani. Alikana mara ya kwanza, akakana mara ya pili, kisha akanyamaza.

Siku ya kuanua tanga vitu vya marehemu viligawiwa. Baiskeli, iliyotoka korongoni ikiwa na michubuko tu, akapewa mdogo wake, Rodrick, ambaye ni dereva wa bodaboda. Kwa desturi, kitu cha marehemu hakitundikwi ukutani. Aliyepewa hukitumia, la sivyo amemkataa aliyekiacha. Rodrick akaitundika.

Ndipo Godwin alipoanza kuja. Usingizini alisimama mlangoni bila kusema neno, akifumba na kufumbua vidole vya mkono wa kulia. Hilo Rodrick angeweza kulivumilia. Lililomshinda ni la mchana. Akishuka na pikipiki alisikia tairi za baiskeli nyuma yake kwenye changarawe, zikija kwa kasi. Alisogea pembeni kumpisha mtu, na hapiti mtu. Abiria wake waliuliza mbona anasimama. Wazee wa ukoo wakamwambia kaka yake anadai baiskeli yake ipandwe. Basi akaipakia kwenye pikipiki akaishusha kwa Kaanaeli, akamsalimu shikamoo, akamwomba aiandae, kwani Jumamosi angeshuka nayo na ndizi mpaka sokoni.

Kaanaeli alianza na breki, na palepale mikono yake ikapunguza mwendo. Rangi ilikuwa imebanduka kuzunguka kishikio cha kulia. Mipira midogo ya ndani ilikuwa imevimba, imekuwa laini kama embe lililooza. Alidondosha oili ile kwenye kifuniko chenye maji. Oili ya baiskeli ile huelea. Hii ilizama, ikachanganyika. Ilikuwa oili ya breki za pikipiki, ambayo hubandua rangi na kula mipira ya baiskeli za namna hiyo mpaka breki inakufa.

Akauliza, bila kuinua macho, ni nani aliyeongeza oili.

"Mimi," Rodrick alisema, na kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. Kaka yake alilalamika kwamba breki imelegea. Yeye alikuwa na chupa ya oili ya pikipiki iliyobaki, akamwepusha na safari ya kuja mpaka kwa fundi.

Kaanaeli alitoka nje, akanawa mikono ingawa kazi ilikuwa haijaisha. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameamua kunyamaza. Angebadilisha mipira, angetoa upepo, angemwachia kijana amani yake. Aliporudi, alimkuta Rodrick amechukua chupa ileile kutoka kwenye pikipiki, amemnyooshea.

"Tumia hii, mzee. Ni nzuri, hata mimi ndiyo naitumia."

Hapo Kaanaeli aliona kwamba ukimya wake ungemuua mtu wa pili, leo au mwaka kesho. Akamwambia yote, na kumwonyesha mpira uliovimba na maji yaliyochafuka.

Rodrick alikaa chini.

"Kwa hiyo nimemuua mimi."

"Hukujua," Kaanaeli alisema. "Lakini sasa unajua, na shemeji yako hajui."

Wapo wanaosema fundi alikuwa mkatili. Nimeyasikia maneno yao na ninayakataa. Huruma inayomwacha mjane katika aibu ili mwingine alale usingizi si huruma.

Walipanda Mbaga pamoja siku hiyohiyo. Faustina alikuwa akichambua maharage. Alimsikiliza shemeji yake mpaka mwisho, na mikono yake haikusimama.

"Kwa hiyo hakulewa," alisema.

Hakulia wala hakumlaani. Alimtaka Rodrick aseme maneno hayohayo kwenye ibada ya jumuiya, ambako majirani wote hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Rodrick aliomba Kaanaeli amsemee. Kaanaeli akakataa.

Siku ya jumuiya, baada ya sala, Rodrick alisema. Aliyasema akiwa amekaa, uso umeelekea sakafuni, kwa sauti ya kunong'ona. Waliokuwa wakihubiri habari za dengelua walitazama vitabu vyao vya nyimbo. Mwenye nyumba akataka kuanzisha wimbo ili jambo lipite.

Faustina akainua mkono kumzuia.

"Simama, shemeji," alisema. "Anza tena. Wa nyuma hawakusikia."