Shikamoo ya Damas

Kila Violeth alipokwenda gerezani kumtembelea kaka yake, Damas alimtuma neno lilelile: "Mwambie mama, shikamoo." Safari iliyofuata Violeth alikuja na sabuni, habari za mvua, na nani kaoa, nani kafariki kule Makutupora. Marahaba hakuja nayo. Damas alijifanya hajali, kumbe alijali mpaka usingizi ukampaa.

Alikuwa amehukumiwa kunyongwa. Kamba haijatumika nchini kwa miaka mingi, lakini haijafutwa, kwa hiyo mtu wa namna yake hafi wala haishi, anakaa tu. Na katika kukaa huko hakutamani pombe wala pilikapilika za mjini. Alitamani shamba la zabibu, harufu ya udongo ukimwagiwa maji, na sauti ya mama ikiita watu wakale. Ndiyo, shamba lilelile alilolikimbia.

Maana Damas tangu ujana alikuwa mvivu wa jembe, tuseme ukweli. Baba yake akimpa mstari wa mizabibu aupogoe, aliufikisha nusu akaenda zake kulala. Mwisho akahamia Mtera kuvua samaki, akisema zabibu ni kazi ya vikongwe. Mdogo wake, Octavian, ndiye aliyebaki akipogoa, akimwagilia, akifunga matawi kwenye nyaya. Baba alipofariki, shamba akamwachia Octavian. Ulitaka amwachie nani? Damas aliporudi kutoka Mtera mikono mitupu, donge lilimkaa kooni.

Asubuhi ileile aliyoshuka stendi, msimu wa kupogoa, alimfuata Octavian shambani, akampiga kwa jembe la Octavian mwenyewe. Elieth, mama wa watu aliyekuja kufanya kibarua, aliona, akakimbia. Damas akamfukuza hadi akampata, akamuua naye. Huyo hakuwahi kumkosea lolote, tena aliacha mtoto anayenyonya. Wapo wanaosema shetani alimpitia. Shetani gani huyo anayejua kukimbiza shahidi?

Mahakamani alidai Octavian alimtukana na kumjia na mkasi wa kupogolea, naye akajitetea. Hakuaminiwa, na rufaa ikagonga mwamba. Lakini maneno yale yalifika kijijini kabla ya hukumu, na wapo walioyapokea: kumbe hata marehemu alikuwa mkorofi. Mama yao, Mama Penina, aliyasikia bombani, akarudi nyumbani na ndoo tupu. Tangu siku hiyo, Violeth akimletea salamu za Damas, aliendelea na kazi yake kana kwamba hakusikia.

Mwaka huu, mavuno yalipokwisha, Violeth hakuja peke yake. Damas aliuona mkongojo kwanza, halafu kitenge, halafu uso aliokuwa ameanza kuusahau. Mama alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu. Askari alimsogezea kiti.

"Shikamoo, mama."

Mama Penina alitazama wavu uliowatenganisha. Hakuitikia.

"Mimi nimechoka, siku zangu si nyingi," alisema. "Nitakutana na mdogo wako kabla yako. Nataka kujua alikwambia nini siku ile."

Damas alimtupia jicho askari aliyesimama karibu. Ombi lake la msamaha kwa Rais lilikuwa halijajibiwa, na humo alikuwa amerudia kwamba alijitetea.

"Hakunitukana, mama."

"Nimeuliza alisema nini."

"Alinipa mkasi. Aliugeuza, akanielekezea mpini. Akasema, 'Shika, kaka, tumalize mstari huu twende nyumbani. Mama anatusubiri tule.'"

Violeth alijifunika uso kwa kanga. Mama Penina hakulia.

"Na Elieth?"

"Aliita jina la mtoto wake."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole. Mtoto huyo alikuwa akilelewa nyumbani kwake, na asubuhi hiyo alikuwa amemwandaa kwenda shule.

"Nilikuwa nimesonga ugali," alisema. "Niliambiwa umeonekana stendi, nikaongeza unga. Nikautenga na mlenda, nikawasubiri nyote wawili."

Damas alishika wavu. Miaka yote hiyo alidhani anaijua hamu, lakini hakuwahi kutamani kitu kama alivyoutamani ugali ule, hata kama ungekuwa umepoa, na mdogo wake ameketi pembeni ananawa mikono.

Mama Penina alijiinua kwa mkongojo, Violeth akamshika mkono. Walipofika mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Marahaba," alisema.

Violeth aligeuka kumtazama kaka yake, akisubiri salamu za kupeleka nyumbani kama ilivyo kawaida. Safari hii Damas hakuwa na la kumtuma.