Dole Gumba Ndani ya Usukani

Siku ya tatu ya mafunzo, mwalimu alinituma supu.

Tulikuwa wanafunzi watano, wanaume wanne na mimi, tukijifunza kuendesha gari nje ya lami ili tuje tubebe watalii. Tulikuwa tumeegesha kando ya njia ya vumbi mbele ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, kule kwenye makorongo. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyeanza kuendesha magari ya porini kabla sijazaliwa.

"Mama, wewe ndiye unayejua mambo ya chakula," aliniambia. "Katuletee supu na chapati. Sisi tunaanza taratibu."

Nikaenda. Mpaka leo najikasirikia kwa hilo. Nilikuwa nimeamka alfajiri nyumbani Kimandolu, nimemwachia mama mkwe mtoto mwenye mafua, halafu nikaenda kubeba supu za wanaume wazima.

Niliporudi walikuwa wameshamaliza maelezo. Nikauliza nimekosa nini. "Hujakosa kitu," mwalimu akasema, huku akimenya yai. "Maneno tu."

Zamu yangu ilipofika, nilifanya yote niliyofundishwa siku mbili za mwanzo. Nilishuka, nikalitembea korongo kwa miguu, nikachagua mawe ya kupanda na ya kukwepa. Nikaweka magurudumu yote manne yavute, gia ya kwanza ile nzito, nikatoa mguu kwenye klachi, nikaacha injini ifanye kazi. Nilikuwa nakwenda vizuri. Kisha tairi la mbele likagonga jiwe, usukani ukajizungusha wenyewe, na kile chuma kinachounganisha duara lake na katikati kikanipiga dole gumba la kulia. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu.

Mwalimu alikuja dirishani. "Dole lilikuwa wapi?"

"Ndani ya usukani."

Akacheka. Nasema kweli, alicheka. "Si nilisema asubuhi? Kwenye mawe, madole gumba yote mawili yanakaa juu ya usukani, hayaingii ndani. Wenzako wote walisikia."

"Asubuhi ulinituma supu."

Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kweli, mwalimu, hakuwepo." Wale wengine watatu wakawa wanaangalia mlima kana kwamba umeota jana.

"Basi ni bahati mbaya," mwalimu akasema. "Halafu mifupa ya wanawake nayo laini."

Hospitali walinifunga plasta ngumu. Nyumbani mume wangu akauliza, "Kwa nini hukukataa kwenda?" Nilimrushia kitambaa cha meza kwa mkono wa kushoto. Hakuuliza kwa nini mzee yule alinituma.

Dole lilipopona nilirudi, na kundi jipya. Sikutaka kurudi, ila kazi niliitaka kuliko nilivyomchukia yeye.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia. "Leo usianze mpaka wote tuwepo."

"Marahaba. Sasa umekuwa wewe mwalimu?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyevunjika."

Akanuna, lakini alisubiri. Siku hiyo tulijifunza kushuka mteremko kwa kulishikilia gari kwa gia, bila kukanyaga breki kwa pupa, na kukaa mbali na kamba gari linapovutwa kwenye tope. Niliandika kila kitu. Mtihani nikafaulu, na sasa ni mwaka wa pili nabeba wageni.

Juzi, kituo cha mafuta Usa River, nilimkuta akiwaambia madereva vijana kwamba mimi ni mwanafunzi wake, kwamba yeye ndiye aliyenitengeneza. Nilimwamkia, kwa sababu ni mzee. Kisha nikawasimulia vijana wale, mbele yake, bila kupunguza neno, jinsi alivyonifundisha. Nilipofika kwenye mifupa laini, alisema ana haraka. Nikaendelea kusimulia, naye akisikia, mpaka alipofunga mlango wa gari lake.