Njiti za Mwavuli wa Babu

Masika ya mwaka huu nilikuwa Ifakara mjini, natoka sokoni na perege wangu kwenye kikapu, upepo mkali ukaja. Mbele yangu kijana mmoja nadhifu mwavuli wake ukageuka, ukawa bakuli la kukingia mvua. Akautazama mara moja, akautupa mtaroni, akakimbilia kibaraza cha duka la simu. Basi mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikainama nikauokota. Dereva wa bodaboda akacheka, "Mama, huyo ni marehemu, mwache apumzike!" Nikamjibu kwamba nataka kumkagua kwanza. Nikavuta njiti moja, nikaikunja kwa vidole viwili tu, ikalala kama jani la mpunga. Chuma gani hicho jamani! Nikaurudisha mtaroni kwa hasira, kama vile kuna mtu kaniuzia.

Ngoja nikueleze hasira ile ilitoka wapi. Nimelelewa Kiberege, kwa bibi mzaa mama, nyumba ya tofali za kuchoma yenye uwanja wa kufagiliwa kila asubuhi, na ole wako bibi aamke akute majani. Miavuli ya enzi hizo ilikuwa myeusi na mizito, mpini wa mti uliopinda, njiti za chuma cha kweli. Mtu akiwa na mwavuli alijulikana kuwa anao. Na kitambaa kikichanika, usidhani ulitupwa. Warithi walikuwa wameshajipanga mlangoni.

Bibi alikuwa mshona mikeka. Alitaka njiti moja iwe sindano, maana njiti ya mwavuli ncha yake ina tundu tayari, na mwili wake una mfereji mwembamba ambamo uzi wa ukindu unalala bila kukwama. Mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, alitaka njiti nyembamba. Aliinoa kwenye jiwe, akaichonga ncha kwa tupa mpaka ikawa kindoano, akafumia vitambaa vya makochi. Nyumbani hatukuwa na kochi hata moja, lakini vitambaa vya makochi tulikuwa navyo sanduku zima, vikimsubiri mume. Mwalimu wetu wa kazi za mikono yeye alizitia motoni njiti mpaka zikawa nyekundu, akachorea vibuyu, darasa zima likanuka moshi hadi nguo tukarudi nazo zinanuka nyumbani. Sisi watoto tulipewa kitambaa, tukatengenezea tiara.

Na alikuwepo jirani yetu, mpiga malimba. Kama hujawahi kuiona, malimba ni kisanduku cha mbao chenye vyuma juu yake, unavipiga kwa vidole gumba. Vyuma hivyo vilikuwa njiti za mwavuli alizozilaza juu ya kipande cha reli na kuzigonga kwa nyundo mpaka zikawa bapa. Akikivuta chuma mbele kilikuwa kinaguna, akikirudisha nyuma kinaimba juu. Alikuwa anafanya hivyo jioni, mikono ikiwa bado na tope la shambani, sisi tukitwanga au kuosha masufuria upande wetu wa michongoma. Hakuwa na mke wala saa, ilikuwa hiyo malimba tu.

Mwavuli mmoja hakuna aliyeuota. Ulikuwa wa babu, aliyekuwa katekista, akizunguka vigango vyote vya huku kwetu kwa miguu, mpaka Kisawasawa, jua kali au mvua, mwavuli mkononi. Watu walikuwa wakiuona ule mwavuli mbali kwenye njia ya mpunga wanajua sala imefika. Alipofariki, bibi aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila Jumamosi aliufuta vumbi. Hakuufungua, hata mvua ikitukuta uwanjani na kuni zetu. Niliwahi kuuliza kwa nini, nikaambiwa nikachote maji.

Sasa mama mdogo akapata mchumba, kijana wa Mang'ula, na harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Kwetu bibi harusi alikuwa anatoka na mkeka ulioshonwa na mama yake mzazi. Usingeweza kumtoa binti bila huo. Bibi alishasuka ukili, ile mistari mirefu ya ukindu inayoshonwa pamoja ikawa mkeka, mwekundu na mweusi na wa rangi yake, mizingo mikubwa imekaa kona ya chumba inanukia kama majani makavu yaliyopata mvua. Kilichobaki ni kushona. Siku anaanza, sindano yake ikakatika tunduni.

Nani angekupa mwavuli wakati wa masika? Bibi alipita nyumba kwa nyumba, kila mtu anamwonea huruma na kila mtu ameshika mwavuli wake. Akajaribu spoku ya baiskeli, nene mno, ikapasua ukindu. Akachonga mwanzi, ukavunjika. Alikaa chini pale barazani miguu ameinyoosha, ukili mapajani, anautazama tu, na mvua haina habari naye.

Jirani naye alikuwa na shida ile ile. Malimba yake ilikuwa imepoteza vyuma viwili, na yeye ndiye angepiga harusini. Jioni moja alikuja kuzungumza. Shikamoo mama, marahaba baba, akakaribishwa ugali na kambale mkavu wa kupikwa na nazi. Katikati ya kula, mlango wa chumba ukiwa wazi, akasema, "Mama, samahani. Ule mwavuli pale nyuma ya mlango unamkinga nani?"

Lo! Bibi alisimama. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Baba, umeshiba. Kwaheri." Mtu na tonge mkononi! Jirani akanawa, akaondoka, na tangu hapo asubuhi zikawa zinapita bila salamu juu ya michongoma. Malimba nayo ikanyamaza. Sijui kama aliogopa kumuudhi zaidi au alikuwa na aibu.

Mama mdogo alidhani anasaidia. "Mama, tusihangaike. Mkeka tukanunue Ifakara sokoni, wapo wanauza mizuri." Usiku ule bibi aliacha chakula chake, na mimi niliyekuwa nalala naye nilimsikia akivuta kamasi, nikajua. Nilimchukia mama mdogo, nikamchukia na jirani, na nilimchukia hata babu kidogo kwa kwenda akauacha mwavuli wake utusumbue.

Kesho yake mvua ilikuwa ya kumwagika. Bibi akajifunga kitenge chake cha kanisani, akaingia chumbani, akatoka na mwavuli. "Njoo," akaniambia. Akaufungua barazani. Ulikuwa mzima kabisa! Hakuna tundu, hakuna kutu, kitambaa kimenyooka. Tukaingia chini yake sisi wawili, na ndani yake kulikuwa na harufu ya tumbaku ya babu, naapa, baada ya muda wote ule. Bibi alikuwa anatembea polepole mno kwa mtu aliye kwenye mvua. Kwa jirani ni hatua chache tu lakini yeye alizunguka njia ya kisimani, tukapita mashamba, mpunga umeanza kubeba na ndege wamejikunyata, tukarudi kwa nyuma.

Jirani alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Alipotuona akainuka. Bibi akaufunga mwavuli, akaukung'uta maji vizuri, akampa. "Kata."

"Mama, nilikosea kusema. Nisamehe."

"Nimesema kata, baba. Binti yangu haendi kwa watu na mkeka wa sokoni."

Jirani aliushika mwavuli kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake. Akaleta koleo. Alikata nyuzi za kitambaa kwanza, taratibu, akakikunja kitambaa akamrudishia bibi mkononi. Halafu ukasikika mlio wa koleo. Bibi alikuwa ameangalia mvua. Kila ulipolia, mabega yake yalishtuka, lakini hakugeuka. Ile njiti ya kwanza, ndefu kuliko zote, jirani alimpa yeye, na bibi akaiweka kifuani chini ya kitenge. Tulirudi tumelowa chapachapa, mimi nalia wazi wazi. "Unalilia nini?" akaniuliza. "Babu yako hakuwa mtu wa kukaa bure."

Mkeka ulishonwa ukaisha. Mama mdogo alipiga magoti akaupokea, akamwambia mama yake maneno ambayo hatukuyasikia, wakashikana muda mrefu. Jirani alipiga siku hiyo mpaka vidole vikavimba. Sauti za vile vyuma vipya zilikuwa kali, zimetokeza juu ya nyingine. Katikati ya shangwe bibi alimfuata akamwinamia. "Wangu ni yupi?" Jirani akakipiga kimoja peke yake. Bibi akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaa na wanawake wenzake, akapiga kigelegele kilichopasua masikio yetu.

Tangu hapo jioni zilibadilika. Malimba ikianza ng'ambo ya michongoma, bibi alikuwa anaendelea kuchambua mchele wake kama hasikii. Lakini wimbo ukifika pale chuma kile kinapolia, mkono unasimama juu ya ungo. "Huyo," anasema. Basi, neno moja, kisha anaendelea kuchambua. Mimi na yeye tulikuwa tunajua tunamzungumzia nani. Mgeni akiwepo tulikuwa tunatazamana tu, tunacheka.

Miaka ikapita. Mwaka ambao jirani alihamia Malinyi kwa mpwa wake, aliaga vizuri, akabeba malimba yake kwenye gunia pamoja na jembe. Jioni ile bibi alikaa na ungo wake pale pale. Giza likaingia. Vyura wakaanza kule majarubani, treni ikapita ikaisha. Bibi akawa hajachambua hata punje. Halafu akaniangukia begani na akalia, akalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi ya babu sikukisikia. Nilimshika tu.

Leo bibi hayupo. Kule mtoni walikokuwa wanakata ukindu kumelimwa mpunga mpaka ukingoni, na mikeka ni ya plastiki, inaoshwa kwa sabuni na kukauka upesi, siwezi kusema uongo, hata mimi ninayo. Makochi yanakuja na vitambaa vyake. Na muziki upo, tena mwingi kupita kiasi. Spika ya kinyozi inapiga, ya baa inapiga, simu ya mwanangu inapiga, hadi nashindwa kusikia sufuria ikichemka. Nyimbo nyingine ni nzuri, nazipenda, natikisa bega nikipika. Lakini jioni zinapofika huwa najikuta nimesimama na mwiko mkononi, nasikiliza katika zile sauti zote, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kumwambia mwanangu, "Huyo."