Deni Alilosamehewa Shangazi

Wiki ile sikutulia, si kazini wala kitandani. Duka letu la vitambaa pale Mlandege lilikuwa limeikopesha kampuni ya sabuni ya mwani ya shangazi miaka mitatu mfululizo, kwa sababu baba ana hisa huko pia, na sasa kampuni imekufa. Mshika vitabu ni mimi, basi afisa wa kodi alinieleza mimi: fedha zile tutazipunguza kwenye faida ikiwa tu ni mkopo, tumeudai na tumeshindwa kulipwa. Kama tulitoa tu, hiyo ni zawadi ya ndugu, na kodi iko pale pale. Alitaka karatasi ifikapo Jumatatu.

Karatasi ya nini baina ya kaka na dada? Hatukuwa nayo. Tena baba, siku ya kuomba radhi kabla ya kwenda Hija, alimwambia shangazi mbele ya sebule nzima kuwa amemsamehe deni lote. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Nilikasirika pale pale, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Nikaandika barua ya madai bila kumwambia baba, nikaipeleka Makunduchi. Nilimkuta shangazi akisugua masufuria ya kupikia sabuni, apate kuyauza.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nikamwomba atie saini kuwa anadaiwa na hana cha kulipa. Akaisoma mara mbili.

“Babako kanisamehe mbele za watu,” akasema. “Leo karudi nyuma?”

“Hajarudi nyuma. Ni mambo ya kodi tu.”

“Hapa pameandikwa nnadaiwa.”

Akafuta mikono kwa kanga, akatia saini, kisha akaniuliza kama nshakula.

Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nikifungua mkoba na kuufunga. Jumatatu ilipofika nilishindwa kuitoa barua ile. Nilimwambia afisa kuwa deni lilisamehewa, tukalipa kodi yote, na iliniuma. Barua niliichana, nikampigia shangazi kumwambia. Akasema sawa.

Lakini tangu hapo kila Ijumaa huja boksi la sabuni kutoka kwake, zile zilizobaki stoo, na ndani mna kikaratasi chenye hesabu ya vipande na bei zake, za kukatwa kwenye deni. Baba huzigawa msikitini huku akimsifu dadake kwa ukarimu. Vile vikaratasi navitoa mimi kabla hajaviona.