Afande Ojwang na Swichi Kuu

Ojwang alikuwa fundi umeme wa gereza moja la Jinja, Uganda, kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo hakuwahi kuzima swichi kuu. Si kwa uvivu. Taa za ukuta wa gereza hazizimwi. Zikizimika, wafungwa wanaruka, na askari wa zamu atajieleza mpaka ulimi umkauke. Basi Ojwang alijifunza kufanya kazi umeme ukiwa ndani ya waya: ubao mkavu chini ya viatu, mkono mmoja kazini, mwingine mgongoni. Wenzake waliuita ushujaa. Mimi nauita ujinga uliozoeleka, lakini mimi sikuwa na cheo gerezani.

Alipostaafu alihamia Nakaloke, jirani na Mbale, kwa kina mkewe Nambozo. Hapo watu wakapata la kusema. Mwanamume mzima kahamia ukweni! Ojwang akawajibu kwa kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na nyaya zote akazitandaza mwenyewe, zimenyooka kama gwaride. Kisha akaenda kuomba aunganishiwe umeme. Akaambiwa kwa upole kwamba nyumba haiunganishwi mpaka fundi mwenye leseni aitilie sahihi kazi ile. Yeye leseni hakuwa nayo. Gerezani hakuna aliyewahi kumuuliza.

Angeweza kumwita fundi mwenye leseni aje akague, atie sahihi, yaishe. Shemeji zake walimshauri hivyo, akakataa katakata. Mtu mwingine atie sahihi kazi ya mikono yake, mbele ya wakwe? Bora giza. Likawa giza kweli. Nambozo alipika kwa mwanga wa mshumaa, na shemeji wakawa wanapita jioni kumjulia hali fundi. Kinyozi hajinyoi, walisema, wakaenda zao wakicheka.

"Bwana, mimi nachoka," Nambozo alimwambia. "Ulisema Krismasi, sasa Pasaka nafika. Kama hii leseni nakushinda, ita mwenye nayo."

"Haiwezi kunishinda."

Akapeleka cheti chake cha ufundi na barua ya gereza iliyothibitisha kazi yake, akaitwa Mbale kufanya mtihani. Maswali ya mdomo aliyajibu vizuri. Kwa vitendo, watahiniwa waliingizwa katika bohari la zamani lisilo na dirisha, ukutani kuna ubao wa taa na soketi wenye hitilafu iliyofichwa. Msimamizi alikuwa Inginia Daphine, mwanamke wa umri wa binti yake. Ojwang akatafuta kitu kikavu cha kukanyaga, akaupeleka mkono wa kushoto mgongoni, akachomeka bisibisi.

"Afande, toka hapo!" Daphine alipiga kelele. "Umeme iko ndani! Kwa nini hukuzima?"

"Madamu, sisi hatuzimi. Ukizima, watu nakimbia."

"Watu gani?"

Ojwang akageuka. Aliona watahiniwa wenzake, wanaume wenye matumbo na kalamu sikioni, akachomoa bisibisi. Daphine akamwangusha mtihani papo hapo.

"Hapa kitu ya kwanza ni kuzima," alisema. "Rudi wakati unajua."

Daphine alikuwa na haki, na Ojwang alilijua hilo, ndiyo maana siku ile hakugusa chakula. Nambozo hakumsema. Alimwekea maji ya kuoga, jambo lililomuuma zaidi kuliko maneno.

Mtihani uliofuata alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kuu. Mkono wa kushoto ukataka kwenda mgongoni, akaurudisha. Akazima. Bohari zima likaingia giza, na kabla hajajizuia sauti ya gereza ikamtoka:

"Chini! Wote kaa chini!"

Watahiniwa wakachuchumaa. Inginia Daphine naye akachuchumaa na makaratasi yake, maana sauti ile haikumpa mtu nafasi ya kufikiri.

Daphine, akiwa bado chini, akawasha tochi ya simu. Ojwang akawahesabu, kwa mazoea. Wote walikuwapo. Hakuna aliyetaka kwenda popote. Daphine akammulikia ubao. Ojwang akapima waya, akakuta hauna umeme, akafanya kazi polepole hadi akaupata uliolegea na kuukaza. Alipowasha, taa ya ubao ikawaka. Watu wakainuka wakijipangusa na kutazamana kwa aibu.

"Umepita, Afande," Daphine alisema, akiandika. Kisha akamtazama usoni. "Sasa wewe nalia nini?"

"Madamu, ile miaka yote mimi nilikuwa naogopa kufa," Ojwang alisema. "Na hakuna mtu aliniambia naweza kuzima."